Shukrani za Marehemu Dunga

Nchi ninayoisimulia haipo. Walikuja mabwana wawili wenye miwani myeusi wakaniuliza iko wapi, nikawaambia haipo popote. Wakaniuliza tena kwa upole zaidi, nikawaambia tena haipo, basi wakamaliza chai yangu na kuondoka wameridhika. Kwa hiyo, msomaji, ukikuta humu jambo linalofanana na jambo uliloliona kwa macho yako, kasoro iko kwenye macho yako.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo palikuwa na televisheni moja tu, ya serikali. Asubuhi ilionyesha viongozi wakikata utepe. Mchana ilionyesha utepe uliokatwa. Jioni wataalamu walikaa kwenye makochi wakauchambua mkasi. Wananchi waliipenda sana. Waliiwasha, kisha wakaenda kufanya shughuli nyingine.

Wizara ya Utamaduni, Maadili na Furaha ya Umma ilipopata habari kwamba televisheni inatazamwa zaidi na paka, ilimpigia simu mkurugenzi wake, Bwana Shebughe. Shebughe alikuwa mtu mnene, mwoga, mwenye roho nzuri pale ambapo roho nzuri haikuwa na madhara. Akamwita Bi Tunu Makolela, mama mmoja mwenye sauti ndogo na kicheko kikubwa, aliyekuwa ameajiriwa kuandika matangazo ya kunawa mikono.

"Bi Tunu," alisema, "niandikie tamthilia isiyohusu chochote."

"Isiyohusu chochote kivipi, bosi?"

"Isiwe na siasa, isiwe na dini. Isiwe na walimu, madaktari, polisi, wakulima wala wavuvi. Hao wote wana wizara, na wizara zina simu."

Tunu akafikiri. "Sasa nani katika nchi hii hana wizara?"

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

"Wafu," alisema Tunu.

Shebughe aliangalia dari, akapekua kichwani orodha nzima ya baraza la mawaziri, akakuta kweli wafu hawana mwenyewe. Akampa ruhusa siku ileile.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa tamthilia iliyoitwa Mgeni wa Alhamisi. Ilikuwa habari nyepesi. Mtu mmoja aitwaye Dunga amekufa, amezikwa, watu wamekula pilau, matanga yameanuliwa. Basi kila Alhamisi jioni Marehemu Dunga anatokea nyumbani kwa mtu aliyefahamiana naye, wakati watu wako mezani. Hatoi moto mdomoni. Hapigi ukelele. Anavuta kiti, anakaa, anasema kwa adabu: "Samahani kwa kuwakatiza chakula. Hivi mimi nilikufa kwa nini?"

Basi. Mwenye nyumba anadondosha tonge na kuanza kujieleza. Kila mmoja ana maelezo yake, na maelezo ya kila mmoja huanza na maneno "Kwa kweli mimi siku ile sikuwepo." Marehemu anasikiliza mpaka mwisho, anaomba radhi tena, anaondoka. Alhamisi inayofuata yuko kwa mwingine.

Watu walimuuliza Tunu sokoni: "Mama, tuambie, alikufa kwa nini yule?" Naye akawajibu ukweli mtupu: "Sijaamua bado. Nikijua nitawaambia."

Aliyeigiza mzuka huyo alikuwa Mzee Longino Chengula, mrefu, mwembamba, mwenye uso wa mtu aliyekuja kuleta taarifa ya msiba akakuta watu wanacheka. Alikuwa ameigiza miaka mingi katika filamu za kuelimisha umma, na kila mara ndiye aliyekuwa maiti. Alikuwa amekufa kwa kila ugonjwa unaotambuliwa na wizara ya afya, na kwa ajali kadhaa za barabarani. Hakupewa maneno kamwe. Dunga ndiye maiti wake wa kwanza mwenye kusema.

Nyumbani alikuwa peke yake. Mkewe, Bi Paskalia, alifariki mwaka uliotangulia katika hospitali kuu, akiwa kwenye mashine ya kumsaidia kupumua. Wauguzi walimwambia mzee ni kazi ya Mungu. Longino aliwashukuru, akabeba mwili wa mkewe, akaenda kuzika. Hakuuliza lolote. Hakuwa na desturi ya kuuliza, na katika nchi ile desturi hiyo ilikuwa nadra.

Tamthilia ikashika. Alhamisi jioni barabara zikawa nyeupe, wauza chipsi wakafunga mapema, hata misikiti na makanisa yakasogeza vikao vyao vya kamati. Na wiki chache baadaye simu zikaanza.

Wa kwanza alikuwa Mkurugenzi wa Madaraja.

"Shebughe, huyo mzuka wenu ananichafua."

"Mheshimiwa, kwenye tamthilia hakuna daraja."

"Najua halipo. Ndicho ninachokueleza. Na lile la bondeni halikuwepo hata kabla halijaanguka, kwa hiyo huwezi kusema liliua watu."

Shebughe akaahidi hatasema. Kesho yake akapiga Mkuu wa Magereza.

"Yule kijana aliteleza," alisema.

"Kijana yupi, Afande?"

"Kama humjui, basi tuishie hapo," alisema Afande, akakata.

Wakapiga wa maji, wakapiga wa mbolea, akapiga mzee mmoja mstaafu ambaye hakutaja idara yake wala jina lake, alitaka tu ijulikane kwamba zile zilikuwa zama nyingine. Maskini Shebughe hakuelewa. Yeye alikuwa ametengeneza tamthilia isiyohusu chochote, na kumbe kila mkubwa aliyeitazama alikuwa anaona inamhusu yeye. Sikio likamuuma kwa simu, mpaka akawa anaziweka kwenye spika na kuziacha ziongee mezani kama redio.

Hivyo siku Daktari Mkuu Pendaeli wa hospitali kuu alipopiga, sauti yake ilijaa chumba kizima. Na chumbani, kwenye kiti cha wageni, alikuwa amekaa Mzee Longino, aliyekuja kulalamika kwamba unga wanaompaka usoni unamwasha.

"Bwana Shebughe," alisema Daktari, "nasikia Alhamisi hii mzuka anakuja kwenye habari za jenereta."

"Jenereta gani, Daktari?"

"Tusichezeane akili. Tuliliazima jioni moja tu. Mheshimiwa Waziri Fumbwe alikuwa na sendofu, anamuaga binti yake anayeolewa, umeme wenyewe ulikuwa wa mashaka, na ukumbi ulikuwa na zile taa za rangi. Wewe ungemkatalia? Na lilirudishwa vizuri, limefutwa vumbi. Sasa umeme kukatika wodini muda uleule, hilo ni la shirika la umeme. Na wale waliokuwa kwenye mashine, bwana, ni wagonjwa. Mtu haji kuwekwa kwenye mashine akiwa mzima."

"Ilikuwa lini hiyo?"

Hakuuliza Shebughe. Aliuliza Longino kutoka kwenye kiti cha wageni, kwa sauti ileile ya Alhamisi, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

"Jumamosi kabla ya Pasaka," alijibu Daktari kwa mazoea. "Nani huyo? Shebughe, nani huyo aliyeuliza? Ni yeye?"

Ikasikika simu ikianguka sakafuni.

Longino alinyanyua mkono akajipangusa uso, ingawa siku ile hakuwa amepakwa unga. Bi Paskalia alikata roho Jumamosi kabla ya Pasaka. Shebughe alijua, kwa maana yeye ndiye aliyepeleka rambirambi za ofisi, na sasa aliangalia meza yake kana kwamba ameiona kwa mara ya kwanza.

"Mzee Longino," alisema hatimaye, "kuhusu ule unga, nitaagiza mwingine."

"Hauwashi sana," alisema Longino, akatoka.

Alimkuta Tunu kantini, akamsimulia yote bila kupandisha sauti. Tunu akasukuma kando sahani ya maandazi.

"Mzee wangu, mimi niliandika upuuzi tu. Nilitaka kitu kisicho na mwenyewe."

"Najua, mwanangu. Umeshaamua Dunga alikufa kwa nini?"

"Bado."

"Basi usiamue haraka."

Tunu aliogopa. Alikuwa na watoto shuleni na mama mzazi wa kutunza, na alijua nchini mwake mtu huweza kuteleza hata mahali pakavu. Lakini usiku ule, kila alipofumba macho, alimwona Bi Paskalia na taa za rangi.

Simu ya Daktari Pendaeli iliyofuata ilikwenda kwa Waziri mwenyewe wa Furaha ya Umma. Mheshimiwa Fumbwe Magalata alikuwa mtu mkunjufu, mwenye tumbo la amani na mapenzi makubwa ya kusikia jina lake likitajwa. Hakukasirika. Alisema tatizo la mzuka huyu ni ukosefu wa sera. "Nchi nyingi zimeendelea," aliwaambia waandishi wa habari, "lakini hakuna hata moja yenye mwongozo wa mizuka. Sisi tutakuwa wa kwanza." Akaunda Tume ya Kuchunguza Asili, Tabia na Mipaka ya Mizuka, chini ya Jaji mstaafu Kirumbuyo, mzee mwenye busara aliyekuwa na kipaji cha kulala akiwa amekaa wima.

Tume ilifanya kikao cha wazi katika ukumbi wa hoteli. Asubuhi nzima ilipotea kwenye jina. Profesa wa lugha alieleza kwamba mzimu ni wa ukoo na hutulizwa kwa tambiko, hivyo hauwezi kusimamiwa na serikali kuu. Kwamba neno pepo ni hatari kulitumia kwa kuwa ukiongeza herufi mbili mwishoni watu watadhani marehemu yuko peponi. Na kwamba kizuka ni mwanamke aliye kwenye eda, tena hapaswi kusumbuliwa. Likabaki neno mzuka. Mheshimiwa Fumbwe akafurahi, kwa sababu vijana husema "nina mzuka" wakiwa wamechangamka, na kuchangamka kuko chini ya wizara yake.

Ndipo likaja swali la kuta. Mkuu wa Usalama alisimama akasema kwamba akikubali mzuka apite ukutani, basi itabidi aeleze ukuta wa Ikulu umejengwa wa nini. Wakamwita Longino atoe ushahidi.

"Wewe ukiwa mzuka," aliuliza Mkuu wa Usalama, "unapita ukutani?"

"Napita mlangoni, Afande. Kisha wanakata picha."

"Wanakata picha ya ukuta?"

"Ya mlango."

Likaandikwa kwamba shahidi anaficha mbinu.

Mchana, mjumbe mmoja mwenye haraka ya kwenda kula alipendekeza jambo rahisi: Tume itamke kwamba mizuka haipo, kwamba mtu akifa amekufa, mambo yaishe. Wajumbe wakaanza kupiga makofi. Ghafla akanyanyuka Msimamizi wa Uchaguzi, kijasho chembamba kikimtoka.

"Mwenyekiti, naomba tusikimbilie huko. Marehemu wa nchi hii ni wapiga kura waaminifu kuliko walio hai. Mvua inyeshe, jua liwake, hawajawahi kukosa, na hawajawahi kugawanyika. Tukisema hawapo, uchaguzi ujao nautoa wapi?"

Akafuata Mkuu wa Utumishi, akakumbusha kwa unyenyekevu kwamba hata maofisini wapo watumishi hewa wengi wanaopokea mishahara yao kwa utulivu, bila mgomo wala ulevi, na kwamba familia zinazowapokelea hazitaelewa.

Tume ikawa njia panda. Marehemu wakiwapo, wanaweza kuuliza. Wasipokuwapo, serikali inaanguka. Jaji Kirumbuyo akafumbua macho.

"Wawepo," alisema, "ila wasiulize." Akafumba tena.

Hapo ndipo ulipotoka Mwongozo wa Taifa wa Mizuka. Kuanzia siku hiyo mzuka wa televisheni atatokea mchana, atapiga hodi, ataonyesha kitambulisho. Atatoa ushauri wa lishe. Hatauliza swali la aina yoyote, kwani aliyekufa ameshapata majibu yote. Na kwa kuwa amani ya nchi hujengwa na moyo wa kushukuru, mzuka atawashukuru wote waliomhudumia katika siku zake za mwisho. Rasimu iliishia hapo. Mheshimiwa Fumbwe ndiye aliyeongeza kwa kalamu yake mwenyewe maneno "kwa majina", na pembeni akaandika kwamba shukrani kwa viongozi hazikatizwi.

Akaagiza mzuka mpya, aliyenyooka, aonyeshwe moja kwa moja Sikukuu ya Furaha ya Umma, mbele ya hadhara, yeye mwenyewe akiwa kiti cha mbele. Tunu akapewa kazi ya kuandika. Alikwenda kwa Longino na karatasi mkononi.

"Hodi nimeandika, kitambulisho nimeandika, mchicha nimeandika," alisema. "Sehemu ya shukrani nimeiacha wazi. Mwongozo unataka majina. Mimi sina."

"Mimi ninayo," alisema Longino, ambaye sasa alikuwa amekwisha kuuliza wodini.

Tunu akamkabidhi karatasi. "Mzee, wakikuuliza, sema nilikuandikia mimi."

"Wewe una watoto. Mimi nimekufa mara nyingi, nimezoea."

Siku ilipofika, ukumbi ulifurika. Bendi ya polisi ilipiga, watoto wa halaiki wakapanga miili yao ikasomeka FURAHA, ingawa mtoto mmoja aliumwa tumbo ikasomeka FURHA. Kisha pazia likafunguliwa. Palikuwa na meza, sahani ya ugali na familia ya kuigiza. Mlango ukagongwa.

"Hodi."

"Karibu."

Marehemu Dunga akaingia akiwa amepakwa unga, akaonyesha kitambulisho. Watu wakaanza kucheka. Kwa miezi walikuwa wamemwogopa na kumpenda, na sasa alikuwa anasimama kwenye mwanga wa mchana akieleza faida za mchicha kwa wajawazito. Kicheko kile kilimfurahisha Waziri. Longino alingoja kitulie.

"Na sasa," alisema, "naomba kushukuru. Nilipokuwa mgonjwa nililazwa hospitali kuu. Namshukuru muuguzi wa zamu, Bi Zilpa, aliyekaa ameshika mkono mpaka mwisho na kupepea kwa jalada la faili mashine zilipozimika. Namshukuru Daktari Mkuu Pendaeli, ambaye ni mtu mkarimu, asiyeweza kumnyima mwenzake kitu. Alipoombwa jenereta la hospitali, alilitoa siku hiyohiyo."

Kwenye chumba cha mitambo fundi alimgeukia Shebughe, kidole juu ya kitufe. "Bosi, nikate?"

"Ukate shukrani?" alisema Shebughe. "Mwongozo huujui? Una watoto wewe?"

"Kwa namna ya pekee," aliendelea Longino, "namshukuru Mheshimiwa Waziri Fumbwe Magalata."

Mheshimiwa aliposikia jina lake alifanya alichozoea miaka yote. Alinyanyuka nusu, akatabasamu, akapunga mkono kwenye kamera, akaanza kupiga makofi. Kamera ikamkaribia.

"Sendofu ya binti yake ilipendeza. Nimeambiwa taa za rangi ziliwaka mpaka keki ikakatwa, hazikufifia hata kidogo. Namtakia binti ndoa njema. Yeye hakujua, na simlaumu. Ilikuwa Jumamosi kabla ya Pasaka. Mimi nilikuwa na mke anaitwa Paskalia. Alipenda mwanga, hata mchana alikuwa anafungua madirisha yote. Nashukuru kwamba mwanga wake ulikwenda kwenye shughuli ya furaha. Ahsanteni."

Waziri alikuwa bado anapiga makofi. Maana ilimfikia taratibu, kama harufu ya kitu kinachoungua chumba cha pili, na ilipomfika hakujua aache vipi, kwa sababu nchi nzima ilikuwa inaitazama mikono yake. Aliendelea kupiga, polepole, peke yake, uso ukiwa umesahaulika kwenye tabasamu. Longino akainamisha kichwa, akatoka kwa mlango, akaufunga nyuma yake kama Mwongozo unavyotaka.

Hakuna aliyekimbia barabarani. Hakuna tairi lililochomwa. Kesho yake asubuhi, hata hivyo, akina mama wa bondeni walionekana mlangoni pa ofisi ya madaraja wamevaa vizuri, wamebeba maua.

"Tumekuja kumshukuru Mkurugenzi," walimwambia mlinzi.

"Kwa lipi?"

"Kwa daraja. Mimi alinipunguzia watoto wawili, huyu mume, yule dada."

Mwanamke mwingine alikwenda gerezani, akakaa kwenye benchi la wageni. Alisema amekuja kushukuru kwa ajili ya mwanawe, kwamba alitelezeshwa vizuri. Wakamwambia arudi kesho, akarudi kesho. Wakamwambia Afande amesafiri, akasema hana haraka, shukrani hazichachi. Afande alitoka kupitia jikoni.

Mwezi haujaisha nchi nzima ilikuwa inashukuru. Watu walishukuru kwenye foleni za maji yasiyotoka. Walishukuru kwa mbolea iliyokuwa mchanga. Na kila aliyeshukuru alitaja jina, siku na mahali, kwa adabu, kama ilivyoelekezwa. Wakubwa wakawa wakisikia "ahsante" wanageuza gari.

Ndipo serikali ikapiga marufuku shukrani. Tangazo lilisomwa na Mheshimiwa Fumbwe mwenyewe, sauti ikiwa imepungua unene. Mwisho wa tangazo mhudumu alimsogezea glasi ya maji, naye akafungua mdomo, "Ahs—", akakumbuka yuko hewani, akalimeza neno kabla ya maji.

Longino alikamatwa kwa kosa la kushukuru kwa nia ovu. Hakukuwa na jaji mwenye ujuzi wa mizuka isipokuwa Kirumbuyo, basi wakamrudisha kazini kwa ajili ya kesi ile. Tunu alikaa benchi la mbele na kitambaa mkononi.

"Mheshimiwa," alisema mwendesha mashtaka, "shukrani za mshtakiwa zilikuwa za uongo."

Jaji alifumbua jicho moja. "Yaani jenereta halikuazimwa?"

"Liliazimwa, Mheshimiwa."

"Binti hakuwa na sendofu?"

"Alikuwa nayo."

"Mke wa mshtakiwa hakufa?"

Mwendesha mashtaka alitazama viatu vyake. "Alikufa. Uongo, Mheshimiwa, ni kwamba moyoni mwake mshtakiwa hashukuru."

Jaji akafumbua na jicho la pili, jambo ambalo makarani walisema hawajawahi kuliona. "Mshtakiwa. Unashukuru?"

Longino alisimama. Siku ile hakuwa na unga, na watu wengi ndipo walipoona kwamba alikuwa mzee sana.

"Hapana, Mheshimiwa. Nilishukuru mara moja tu kwa moyo, siku waliponikabidhi mwili wa mke wangu, kwa kuwa nilidhani walifanya walichoweza. Kama kuna shukrani ya uongo katika jambo hili, ni ile. Hii nyingine nilikuwa nairudisha."

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa na pensheni ya kupoteza, na nyumba ya serikali, na umri wa kutosha kujua kwamba vyote viwili vingemshinda kuvibeba kwenda kaburini. Lakini hakuwa shujaa, nami sitamfanya shujaa. Aliamua kwamba maneno yale yalisemwa na Marehemu Dunga, ambaye alifuata Mwongozo neno kwa neno na hawezi kushtakiwa. Longino Chengula, kwa kuwa alimwigiza marehemu bila kufa, akakatazwa kuwa mzuka mpaka atakapotimiza sifa. Kisha akaahirisha mahakama na kulala.

Mheshimiwa Fumbwe aliteuliwa kuwa balozi katika nchi yenye baridi, ambako hawajui kutamka jina lake. Daktari Pendaeli alipandishwa cheo, lakini akiwa njiani kupanda alipitia hospitalini akaliacha jenereta limefungwa kwa mnyororo sakafuni. Tunu alihamishiwa kwenye kipindi cha mkasi. Ananiambia ameshaanza kuuliza, hewani kabisa, ni kitu gani hasa kilichokatwa.

Siku moja, mchana wa jua kali, umeme ulikatika mji mzima. Longino alikuwa anapita karibu na hospitali kuu, akasimama kwenye uzio. Kimya kilitanda, wauguzi wakaonekana madirishani. Kisha nyuma ya jengo kitu kikakohoa, kikakohoa tena, kikashika, ardhi ikaanza kutetemeka kidogo chini ya viatu vyake.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji na chupa ya uji, mumewe yuko ndani kwenye mashine. Alipousikia mngurumo alifumba macho, mabega yakashuka. Alipoyafumbua akamwona mzee amesimama juani, akamtambua, wala hakusema. Akajisogeza ampe nafasi, akammiminia uji kikombeni.

Longino aliupokea kwa mikono miwili. Mlinzi wa getini alikuwa anawatazama, na mzee alifungua mdomo kushukuru, akakumbuka sheria, akaufunga. Akanywa mpaka kikombe kikawa kitupu.